SIJAMPANDA! Nimelaumiwa kwa farasi ambaye hata sijampanda!

BabaWaJinja:
Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye teksi, mikono inatetemeka, mkiona makosa mnivumilie. Ni yule mama wa kofia ya ukindu, njia ya Entebbe. Simtaji. Aliyewahi kutafuta farasi wa kukodi nchi hii anamjua.

Nimetoka Jinja alfajiri na binti yangu. Ana miaka 14, kilo 41, anajifunza kupanda mwaka wa tatu sasa, anataka farasi wa kukaa naye miezi sita tu. Kununua siwezi. Farasi wenyewe Uganda ni wa kuhesabu, wengi wanatoka Kenya, na wakifika wanangojwa na inzi wa ndorobo na ugonjwa anaouleta, nagana, halafu kuna ile tauni yao inayoletwa na vidudu vidogo kuliko mbu, inaua mnyama mzima mzima. Kwa hiyo mtu unakodi, na wenye farasi wanajua huna pa kwenda.

Kwenye simu: "Ana miaka minane, mpole kama kondoo, hana kasoro." Nikatuma arabuni, laki tatu.

Kufika, anatolewa bandani. Kila ukwato wa mbele kushoto ukigusa chini, kichwa kinaruka juu. Juu, chini, juu, chini. Nikaushika ukwato: moto kama chapati ya rolex, ile ya kukunjia mayai, inayotoka kwenye kikaango! Binti akamwinua mdomo wa juu. Mwalimu wake alimwonyesha: jino la pembeni lina mfereji wa kahawia, unaanza kwenye ufizi farasi akiwa na miaka 10 hivi, ukifika chini kabisa ana karibu 20. Ulikuwa umefika chini kabisa. Miaka minane! Huyo farasi amemwona Amini kwa macho yake!

Nikasema kwa heshima zote, "Mama, huyu anachechemea." Akanitazama kuanzia viatu mpaka tumboni, akaganda hapo tumboni, kisha akasema mbele ya binti yangu na wafanyakazi watatu: "Kabla hujaja alikuwa hachechemei. Ni uzito wako, baba."

SIJAMPANDA! Tandiko lilikuwa bado limening'inia ukutani! Hatamu hajavishwa! Nilikuwa nimesimama kwenye nyasi kwa miguu yangu mwenyewe! Na arabuni hairudi, eti ni ya matibabu ya mguu "niliouumiza". Mtu unaumiza mguu wa mnyama kwa kumwangalia?

Kwato_Safi:
Huyo mama! Mwaka jana alinionyesha dume mweusi, nilipofika akanitolea jike wa kahawia, akasema jua limembadilisha rangi.

DaktariWaMifugo:
Pole mkuu. Siku nyingine hela isitoke kabla daktari hajamwona anatembea na kukimbia kwenye ardhi ngumu. Na mwandikiane nani analipa dawa, chanjo na kukata kwato, maana kwato zinakatwa kila wiki sita mpaka nane na hapo ndipo ugomvi huanzia.

MtaniWaBusia:
Wanasema farasi abebe moja ya tano ya uzito wake. Huyo ana kilo 450 tuseme, basi 90 pamoja na tandiko. Wewe una ngapi?

BabaWaJinja:
Kilo zangu zinaingiaje hapa? Anayepanda ni mtoto! Na mimi SIJAMPANDA!

MtaniWaBusia:
Hujajibu 😂

Mzee_Moroto:
Njoo Karamoja, mwanangu. Punda tunao tele, hawaombi arabuni na hawakuambii habari za tumbo lako.

BodaWaNtinda:
Afadhali wewe wa farasi. Mimi nimekodi boda kwa wiki, breki hazishiki, nikamrudishia mwenyewe. Akaniambia, "Zilikuwa zinashika kabla hujaja." Neno kwa neno!

Kwato_Safi:
Hao wote wamesoma shule moja.

MpangajiMchovu:
Mwenye nyumba wangu pia! Bati linavuja, anasema ninapika sana, ni mvuke. Na kodi anataka ya miezi sita mbele.

BodaWaNtinda:
Miezi sita? Wapi huko, Kira au Najjera? Wa kwangu anataka mitatu na umeme tunagawana watu wanane mita moja.

BabaWaJinja:
Jamani, tulikuwa kwenye farasi. Mtoto amelia kutoka Entebbe mpaka Mukono. Kuna anayemjua mwenye farasi mzima wa kukodisha, hata wa upande wa Mbarara?

MpangajiMchovu:
Watu wanane mita moja! Na pasi mnatumia?

Shemeji_Masaka:
Kodi za nyumba mziache kwanza. Nani amewahi kukodi kanzu ya kwanjula, ile sherehe ya kujitambulisha ukweni, akapewa yenye doa la mchuzi wa mtu mwingine? Nililipishwa kulifua MIMI.

BodaWaNtinda:
Hilo duka nalijua! Lile la ngazi, chini ya kinyozi?

Shemeji_Masaka:
Hilo hilo!