Kana kwa mbegu, kwa viazi au kwa miche ya barabarani: nini kinafaa kwa uzio wa mita 15?

KihondaKijani (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni. Nina uzio wa seng'enge wa mita 15 upande wa barabara. Jua linaupiga kutwa, wapita njia wanaona hadi jikoni, nami nataka kuuziba kwa kana. Nazungumzia yale maua marefu yenye majani mapana kama ya mgomba, mekundu na ya njano.

Njia ninazoziona ni tatu. Kuna mama jirani ana kichaka kikubwa, kasema nichimbe viazi ninavyotaka, yaani yale mashina manene ya ardhini yanayochipua. Kuna wauza miche wa barabarani, viriba vyao tayari vina maua, ila kwa urefu wa uzio huu mfuko wangu hautatosha. Na kuna mbegu: nimechuma konzi nzima kwenye bustani ya kanisa, zile nyeusi za duara, ngumu hata jino halipiti. Tuko Juni sasa, ningependa Krismasi ikute maua. Mngekuwa ninyi mngefuata njia ipi?

Babu_Siha (Kilimanjaro)

Chukua viazi, kijana. Mbegu za nini wakati mama wa watu amekupa bure? Tafuta kipande chenye macho mawili au matatu, kifukie kina cha vidole vinne hivi, mwagia maji. Baada ya miezi miwili au mitatu unaona ua, na rangi uliyoiona kwa jirani ndiyo utakayoipata kwako. Mbegu ni bahati nasibu.

MamaMiche (Tanga)

Shikamoo Babu. Kwa kasi nakuunga mkono, kwa rangi inategemea ni kana gani.

Ile ya asili, Canna indica, yenye maua madogo membamba mekundu, hujichavusha yenyewe hata kabla ua halijafunguka. Mbegu yake ukiipanda inatoka vilevile kama mama yake. Zenye maua makubwa yaliyotanuka ni chotara, na uchotara wake ni wa kuchanganywa tena na tena tangu Wafaransa walipoanza kuzizalisha katikati ya karne ya 19. Ukipanda mbegu ya chotara nyekundu unaweza kupata ya chungwa, ya njano yenye madoa, au fupi kuliko mzazi. Nyingine hazizai mbegu kabisa, ua likikauka linadondoka basi. Kwa hiyo KihondaKijani tuambie kwanza: maua ya pale kanisani yalikuwa membamba au mapana?

Kuhusu muda, mbegu iliyokwanguliwa vizuri inaota ndani ya wiki moja hadi tatu, na kuanzia hapo hadi ua ni miezi mitatu, minne, wakati mwingine mitano. Ukianza sasa Krismasi inakukuta na maua, japo si kwa kila shina.

Halafu kuna idadi. Ukipanda kila nusu mita unahitaji mashina kama 30. Kuchimba vipande 30 vizuri kwenye kichaka cha mtu mmoja ni kumwachia shimo, hata kama kasema chukua unavyotaka. Na vile viriba vya barabarani mara nyingi ni viazi vilevile vilivyokatwa na kukuzwa kwa muda. Unanunua ile miezi miwili, basi.

Wanja_Limuru (Kiambu)

Naona hakuna aliyegusa ugonjwa, na kwangu hilo ndilo la kwanza. Kabla hujachimba kiazi kwa yeyote, nenda ukayaangalie majani mchana kweupe. Kuna virusi vya kana, vinavyojulikana zaidi ni vile vya madoa ya njano na vile vya michirizi ya njano. Ukiona njano iliyotawanyika ovyo kando ya mishipa ya jani, sehemu hizo zikigeuka kahawia na kukauka, jani limejikunja na ua lina mabaka, achana na hicho kichaka. Dawa hakuna. Kila kipande utakachokata kitaondoka na virusi vyake, maana kiazi ni mwili uleule wa mmea. Hivyo ndivyo ugonjwa umesambaa duniani, watu wakipeana na kuuziana viazi.

Mbegu kwa kawaida haibebi virusi hivyo. Mche wa mbegu unaanza ukiwa safi, ingawa baadaye vidukari wanaweza kuuletea vingine kutoka kwenye maharage ya jirani. Mimi nikiletewa kiazi nisichokijua kilikotoka nakipanda kwenye ndoo mbali na bustani, nasubiri majani manne matano, ndipo naamua.

Babu_Siha

Wanja mwanangu, zile zenye mistari ya njano kila jani zinauzwa ghali mjini. Nazo ni wagonjwa?

Wanja_Limuru

La, Babu, hizo ni aina yake. Kuna moja inaitwa 'Pretoria', mistari yake ni myembamba, imepangika kutoka mshipa wa kati hadi ukingoni, kila jani sawa na mwenzake, na mmea wenyewe una nguvu. Mgonjwa hana mpangilio: jani hili lina mabaka, lile limepona nusu, la tatu limekauka ncha. Shida ni kwamba mgonjwa wa kiasi anaweza kuuzwa kama aina mpya ya mistari, na mnunuzi asiyejua analipia zaidi. Na kwa upande wa mbegu, 'Pretoria' usijaribu, mistari haiji. Hapo ni kiazi tu.

Msafiri_Minneapolis (Marekani)

Salaam kutoka kwenye baridi. Huku swali lenu lina sura nyingine, maana barafu ikianguka shina lote linakufa, na kiazi kisipochimbuliwa na kuwekwa ndani kinaoza. Kwa hiyo wengi tunaanza upya kila mwaka kwa mbegu za pakiti, tunaziotesha ndani ya nyumba mwezi wa tatu, zinatoka nje mwishoni mwa mwezi wa tano.

Zipo chotara zilizozalishwa makusudi ziote kwa mbegu na zifanane. 'Tropical Rose' ilipata tuzo ya All-America Selections, ya huku Marekani kwa aina mpya za mimea ya bustani, mwaka 1992, na 'South Pacific Scarlet' ikaipata 2013. Kwa hiyo si kila mbegu ya chotara ni bahati nasibu, Babu. Lakini kwa KihondaKijani sizipendekezi: 'Tropical Rose' haizidi sana sentimita 75, ni ya chungu na mbele ya baraza. Uzio wa kuzuia macho unataka ile ndefu ya kienyeji inayofika kichwani kwa mtu.

KihondaKijani

Nashukuru sana. Nimerudi kanisani leo kuangalia: maua ni madogo, membamba, mekundu, na yamejaa vile vitumba vya mbegu vyenye miiba laini. Majani ni safi, kijani kitupu. Kwa mama jirani sasa nimeanza kutia shaka, kichaka kimoja kina njano njano. Nitakipiga picha.

Kuhusu mbegu, huko kukwangua kunafanyikaje? Shangazi yangu anasema nizichemshe tu.

MamaMiche

Usizichemshe jikoni ukazisahau, utapika kiini.

Hakikisha kwanza zimekomaa. Kitumba kiwe kimegeuka kahawia na kuwa kama karatasi, mbegu ndani nyeusi tii. Nyeupe au ya kahawia laini haijafika. Halafu tafuta msasa wa seremala ule wa kukwaruza, au tupa ile ya kunolea. Shika mbegu kwa koleo ndogo, sugua upande mmoja mpaka uone doa jeupe, hapo acha. Doa la ukubwa wa kichwa cha pini linatosha. Usisugue pale penye kovu dogo ilipokuwa imeshikamana na kitumba, kiini kiko karibu na hapo. Baadaye loweka kwenye maji ya uvuguvugu usiku na mchana mzima.

Asubuhi inayofuata utaona zilizovimba. Hizo ndizo zilizopata njia ya maji, zipande siku hiyohiyo, kina cha sentimita moja na nusu hivi, kwenye kiriba chenye mboji na mchanga. Ambayo haikuvimba irudi kwenye msasa. Kikata kucha nacho kinafanya kazi kwa mbegu chache, ila kinateleza, angalia vidole. Kisu sikishauri kabisa kwa mtu mwenye watoto wanaotaka kusaidia.

Njia ya shangazi si upuuzi mtupu. Wapo wanaomimina maji ya moto kwenye chupa ya chai yenye mbegu na kuziacha humo hadi kesho yake. Zingine zinavimba, zingine zinakaa vilevile, na hujui ipi ni ipi mpaka ufungue. Msasa unakuonyesha doa, huhitaji kubahatisha.

Wanja_Limuru

Naongeza kwa walio kwenye baridi kama sisi: mbegu inataka udongo wa nyuzijoto 21 na kuendelea. Julai ya Limuru haitoi hiyo. Nazifunga kwenye karatasi ya jikoni yenye unyevu, ndani ya mfuko wa plastiki, naziweka juu ya kabati karibu na jiko. Zikitoa kamzizi naziweka kwenye viriba. Morogoro hata mwezi huu hamna shida hiyo.

Ustadh_Kilifi

Hilo ganda si la mchezo ndugu zangu. Zimbabwe mbegu hizi huwekwa ndani ya vibuyu vya hosho, ala ya muziki ya kutikisa, na kisiwani Réunion huwekwa kwenye kayamba lao, zinapigwa miaka na hazipasuki. Kule Argentina waakiolojia walikuta mbegu ya kana ndani ya njuga iliyotengenezwa kwa ganda la kokwa, kwenye kaburi la kale. Mbegu iliingizwa humo kokwa likiwa bado linakua, ganda likafunga, kwa hiyo umri wa ganda ni umri wa mbegu: kama miaka 600. Wakaipanda, ikaota. Habari yake ilichapishwa 1971 kwenye jarida la Nature.

Kwa hiyo aliyezika mbegu bila kuikwangua na kusema ni mbovu, huenda mbegu inamsubiri tu.

Kivu_Bustani (Bukavu)

Jambo wote. Nina neno moja kwa wale wa kuzipanda karibu na mito na mabonde. Canna indica ikipata maji haishiki adabu. Viazi vinatambaa, mbegu zinaanguka, na baada ya muda ukingo mzima ni wake. Kule Afrika Kusini mmea huu umo kwenye orodha ya mimea vamizi inayopaswa kudhibitiwa kisheria, japo chotara zisizozaa mbegu haziguswi. Hapo viazi vya chotara tasa vinazishinda mbegu, na huo ni upande wa ulinganisho ambao hamkuutaja. Kwenye uzio wa nyumbani ni rahisi: kata vitumba vikiwa bado kijani, mmea utarudisha nguvu kwenye maua.

Viazi vya ziada msivitupe mtoni. Vina wanga mwingi, Wavietnamu wanatengenezea tambi. Nguruwe nao wanavipenda.

Babu_Siha

Sasa nimeelewa kwa nini zangu zimefika hadi kwa jirani wa chini. Bado nasema viazi, ila visafi.

KihondaKijani

Picha ya kichaka cha mama jirani nimemwonyesha Wanja kwa ujumbe wa pembeni, kasema niachane nacho. Kwa hiyo uzio nitauotesha kwa mbegu za kanisani, na nitanunua viriba vitatu tu vya chotara ya njano kwa ajili ya mlangoni, baada ya kukagua majani. Nimeshapata msasa.

La mwisho: bomba la bafuni linatoa maji karibu na mwisho wa uzio. Naweza kuyaelekeza kwenye kana, au sabuni itaziua?

MamaMiche

Elekeza. Kana ni mnywaji mkubwa na hata udongo wa majimaji anaustahimili, ndiyo maana hupandwa kwenye mabwawa ya kusafishia maji machafu. Subiri tu miche ifikie magotini, midogo itaoza shingo. Maji ya kufulia yenye jiki yamwage kwingine. Na weka samadi iliyoiva tangu mwanzo, kana mwenye njaa anatoa majani matupu.

Wanja_Limuru

Na konokono. Miche ya mbegu ikiwa na majani mawili ndiyo saladi yao. Zunguka jioni na tochi, uwaokote kwa mkono, hasa upande huo wa bomba.