Komoro au Shelisheli: wapi pa kupeleka mzigo kwa mtaji mdogo?

Mchuuzi_Kkoo
Wakuu habari za jioni. Nina kamtaji nimekakusanya taratibu, sasa nataka kuvuka maji maana hapa Kariakoo kila mlango unauza kitu kilekile. Nimebaki na nchi mbili kichwani, Komoro na Shelisheli. Zote visiwa, zote zinaagiza chakula toka nje. Shelisheli naambiwa watu wana hela, Komoro naambiwa ni karibu. Jamaa mwenye nafasi kwenye chombo anataka jibu wiki hii. Mnanishauri wapi?

Bint Mkunazini
Kaka unapeleka nini? Mtaji kiasi gani? Una mtu wa kukupokea kule au unashuka tu bandarini na begi? Hivyo vyote hujaandika. Mchele una mambo yake, vitunguu vina mambo yake, mbuzi ndo kabisa wana kula na kunywa njiani. Jaza kwanza hayo halafu tukushauri.

Mchumi wa Mtaani
Wakati tunamsubiri ajibu niweke picha kidogo, maana izi nchi zinafanana kwenye ramani tu. Shelisheli ina watu kama laki moja na ushee, wanaishi kwa utalii na jodari, pale Victoria kuna kiwanda cha kusindika jodari ambacho ni kati ya vikubwa duniani. Benki ya Dunia ishawaweka kundi la nchi za kipato cha juu. Komoro wako zaidi ya laki nane kwenye visiwa vitatu, Ngazija, Nzwani na Mwali, na wanachouza nje ni karafuu, vanila na langilangi (maua ya mafuta ya manukato) basi. Bei ya karafuu au vanila ikianguka soko la dunia nchi nzima inaumwa. Kinachowashikilia ni pesa za ndugu zao walioko Ufaransa, hasa Marseille. Kwa hiyo swali ni unataka mteja mwenye hela au mteja wa karibu? Mimi nasema Shelisheli, fuata hela ilipo.

Mwana wa Moroni
Mchumi picha yako ni nusu. Hiyo pesa ya Marseille unaitaja kama vile ni sadaka, ile ndo inaendesha soko. Njoo Ngazija mwezi wa saba na wa nane, wenyewe wanarudi likizo na ndoa kubwa zinafungwa hapo, mtu amejiwekea akiba miaka na miaka kwa ajili ya ndoa yake moja tu, inaliwa nyama na mchele mpaka kijiji kizima kinashiba. Ng'ombe na mbuzi toka bara wanagombaniwa. Tena faranga yetu imefungwa kwenye yuro, yuro moja ni faranga 492 hivi, leo na kesho. Mara ya mwisho kuishusha thamani ilikuwa 1994. Mfanyabiashara unajua utakachopata, haulali na shilingi ukaamka na kingine.

Nahodha Mstaafu
Vijana mnazungumza faranga na ndoa, hakuna anayezungumza gati. Ngojeni niwaeleze yaliyonikuta mimi.

Tulipakia vitunguu vya Mang'ola, vizuri, vikavu, kwenye nyavu za rangi nyekundu, Dar mpaka Moroni, mji mkuu kule Ngazija, ni kama kilomita 700 tu na tulifika salama kabisa. Shida ilianzia pale nje. Bandari ya Moroni kina chake ni kidogo, chombo kikubwa hakisogei gatini, unatia nanga nje mzigo unashushwa kwa matishali, yale majahazi bapa ya kubebea mzigo mpaka nchi kavu. Ulikuwa msimu wa kaskazi, bahari imechafuka, matishali hayatoki. Yakitoka yanaanza na mchele na saruji za wakubwa, sisi wa vitunguu tukae. Wakala tuliyempa kazi kila ukimpigia anakwambia kesho asubuhi, kesho asubuhi haifiki, na pesa yake alishachukua yote mbele. Mvua inapiga juu, chini kwenye ngama joto kama tanuri. Nikashuka na tochi nikainua nyavu za juu, nikakuta zile za chini zishaanza kutoa maji, vitunguu vingine vimechipua majani ya kijani yanatokeza kwenye matundu ya wavu, na harufu ile hata uoge vipi inabaki mkononi. Mpaka tunapata tishali nusu ya mzigo ilikuwa ya kumwaga, na iliyobaki mnunuzi akaipangia bei anayotaka yeye kwa sababu anajua hauna pa kwenda nayo. Nikarudi na deni.

Kwa hiyo we kijana kama ni Komoro basi peleka Mutsamudu kule Nzwani, kule kuna kina, meli inafunga gatini kabisa. Na usimlipe wakala pesa yote kabla mzigo haujagusa nchi kavu.

Mwana wa Moroni
Pole sana nahodha, hilo la matishali ni kweli na sisi wenyewe linatuumiza, ndo maana bidhaa Moroni ni ghali. Ila Mutsamudu wanunuzi wakubwa wachache, ukishusha kule bado utahitaji boti ya kuleta Ngazija.

Mpwani_Mahé
Habari zenu, mimi ni wa Mombasa ila nafanya kazi hotelini huku Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli. Huyo anayesema fuata hela ilipo sikatai, hela iko. Lakini msidhani unakuja na magunia yako unaweka sokoni Victoria. Mazao mabichi yanahitaji kibali kabla hujapakia, ukaguzi wa mimea na wadudu ni mkali, na wako sahihi kwa sababu visiwa hivi vina miti na ndege ambao hawapatikani pengine popote. Halafu hoteli zina wasambazaji wao wa mkataba, mgeni hauingii kirahisi. Kuja kufanya kazi nako lazima mwajiri akuombee kibali kwanza. Na msisahau 2008 nchi hii ilishindwa kulipa madeni, wakaiachia rupia ielee, ikaanguka vibaya. 2020 korona ilipofunga watalii rupia ikashuka tena, wenzetu wengi walirudishwa makwao. Nchi tajiri ndio, ila ndege zikiacha kutua wiki chache tu mnaanza kuangaliana.

Jogoo la Shamba
Wakomoro wangekubali kubaki na Ufaransa kama kisiwa jirani cha Maore (Mayotte) si saivi wangekuwa wanatumia yuro? Mambo mengine ni kujitakia.

Mwana wa Moroni
Ndugu hilo usilisemee kirahisi. Kura ya 1974 visiwa vitatu vilitaka uhuru, Maore wakahesabiwa peke yao wakatolewa. Tangu 1995 Mnzwani anahitaji viza kwenda kwa dada yake, kwa hiyo watu wanapanda kwasa, vile viboti vidogo, usiku wanakufa baharini, kila familia Nzwani ina jina la kukutajia. Na hiyo yuro unayoisifia, kimbunga Chido Desemba 2024 kilipopita Maore vibanda vya mabati vililala chini vyote. Utajiri gani huo.

Mchumi wa Mtaani
Hapo nakuunga mkono. Ila mapinduzi ya mara kwa mara nayo yamewarudisha nyuma, tuseme ukweli. 2008 mpaka jeshi letu likaenda Nzwani na Umoja wa Afrika kumtoa Bacar, kiongozi wa Nzwani aliyegoma kuachia madaraka.

Nahodha Mstaafu
Shelisheli nao walipinduana 1977, na 1981 mamluki wa Mike Hoare walitua uwanja wa ndege wa Mahé na bunduki ndani ya mabegi wakijifanya watalii. Wanajeshi wa Tanzania walikuwepo kule pia. Kwa hiyo siasa isiwe sababu, sababu ni gati.

Mchuuzi_Kkoo
Wakuu nashukuru, nilikuwa safarini. Mzigo ni maharage na dagaa wakavu, mtu wa kunipokea sina. Mtaji haufiki kontena.

Bint Mkunazini
Ungeanza na hilo! Kama haufiki kontena Shelisheli iondoe, ni kilomita 1,800 toka Dar na vibali vyao havijali udogo wako. Vikavu vinavumilia kungoja nanga tofauti na vitunguu. Ila bila mtu wa kukupokea hata Komoro mimi nasita. Mwana wa Moroni, dagaa wanaliwa kwenu au mnajivunia samaki wabichi?

Mwana wa Moroni
Wanaliwa, hasa bahari ikichafuka wavuvi wakashindwa kutoka. Maharage yana wenyewe ila taratibu.

Mpwani_Mahé
Samahani natoka nje ya mada, hayo mafuta ya langilangi yananunuliwaje? Kuna spa huku wanayatafuta.

Mwana wa Moroni
Kwa kilo na kwa daraja. Maua yanachumwa alfajiri, yanachemshwa siku hiyohiyo, mafuta yanayotoka mwanzo ndo ghali zaidi, yanayofuata bei inashuka. Mengi yanatoka Nzwani. Kuni zinazotumika ni nyingi mno, milima inabaki wazi na mito inakauka, ukinunua muulize mwenye mtambo anachochea na nini. Nitumie ujumbe nikuunganishe na watu wa Bambao.

Mchuuzi_Kkoo
Na mimi niunganishe mkuu, hata kwa kilo chache. Jamaa wa chombo nimwambie anisubiri?

Nahodha Mstaafu
Muulize kwanza anashusha wapi.