Tupeane uzoefu: Ulibuni kitu kazini, kikaishia wapi?

Habari zenu wakuu. Ofisi nyingi nilizopita zina sanduku la maoni ukutani, lina kufuli, na ukiuliza funguo anayo nani kila mtu anamtaja mwenzake. Halafu kwenye kikao tunaambiwa "tuwe wabunifu". Toyota walianzisha utaratibu wa wafanyakazi kutoa mawazo mwaka 1951, baada ya Eiji Toyoda, mmoja wa wakuu wao, kwenda kujionea kwa Ford kule Marekani, na mpaka leo upo. Ila nadharia tuziache. Leta ulichofanya kwa mikono yako, na mkubwa wako alisemaje.

Nesi, hospitali ya serikali
S5, ule utaratibu wa kupanga sehemu ya kazi, ilipoletwa (Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia) wengi tuliiona ni ya kubandika vibao wageni wakija. Hospitali zetu ziliianza 2007, Mbeya ikiwa ya mfano, kwa msaada wa Wajapani. Mimi kilichonigeuza ni stoo ya wodi. Dawa mpya zilikuwa zinawekwa mbele, za zamani zinasukumwa nyuma, zinaisha muda hukohuko gizani. Nikachukua plasta pana, nikabandika kila boksi, nikaandika kwa maka peni mwezi na mwaka wa kuisha muda, tarakimu kubwa zisomeke ukiwa mlangoni. Inayokaribia kuisha inakaa mbele. Sikuomba kibali wala bajeti. Zamu ya usiku ndio walioipenda kwanza, maana umeme ukikatika saa nane huna muda wa kugeuza boksi mojamoja. Matroni akapita, akaangalia, hakusema kitu. Baadaye nikakuta wodi ya jirani nao wamebandika. Barua ya pongezi bado naisubiri 😂

Dereva, kampuni binafsi
Kwetu ukitoa wazo unajibiwa "vizuri sana, basi lisimamie wewe". Mshahara uleule. Siku hizi tunanyamaza.

Mpishi, Mombasa
Niko jikoni, hoteli moja ya ufuoni. Maganda ya nanasi tulikuwa twayatupa ndoo kwa ndoo kila asubuhi. Nikayaosha vizuri, nikayachemsha na tangawizi na mdalasini, nikachuja, nikatia kwa friji. Wenzangu wakaonja kwanza, halafu weita akapeleka meza moja ya wageni bila kuwatoza. Wakaitisha tena. Sasa iko kwenye menyu, na mkutanoni meneja akaitaja kama fikra yake. Niliudhika, sikatai. Lakini hata mimi niliiona kwa nyanyangu, kwa hivyo kelele nitaipiga wapi?

Mchangiaji mwingine
Pole mpishi. Kwa wanaobuni vifaa au mashine, hilo ni jambo jingine: Tanzania Bara hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) inatolewa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na uvumbuzi unaotokana na kazi uliyoajiriwa kuifanya kwa kawaida ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Soma mkataba kabla hujamwonyesha mtu mchoro.

Mtunza stoo, Tanga
Nesi, hizo plasta haziachii? Huku joto na unyevu, stika za karatasi zinadondoka zenyewe.

Nesi
Tumia ile ya kitambaa, si ya karatasi. Futa vumbi kwenye boksi kwanza, na usibandike juu ya selotepu.