Jiki badala ya permanganeti, inawezekana?

Mwalimu_Busia
Wenzangu, habari za kazi. Nafundisha Kemia kidato cha tano (S5) hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Potasiamu permanganeti, ile ya zambarau tunayooksidishia, imetuishia na pesa za maabara za muhula huu zimekwisha. Jiki imejaa kila duka. Najua ndani ni sodiamu hipokloraiti, na kwamba inaoksidisha (inanyang'anya elektroni). Je, naweza kuitia kwenye bureti (mrija wa kipimo) nikatitreti chuma (II) kama kawaida, yaani niidondoshe kidogo kidogo mpaka chuma yote ioksidishwe? Na ethanoli je, itakubali?

Fundi_Maabara_Tororo
Mwalimu, kwa chuma hapana. Permanganeti hujitangaza yenyewe: tone moja la ziada, flaski yote waridi. Jiki haikuonyeshi kwamba umefika. Tena ina alkali, kwa hiyo utapata tope la kahawia. Ukisema utie asidi nyingi, klorini itatoka na darasa zima litakohoa.

Ethanoli usiiguse kabisa! Hipokloraiti ikikutana nayo, au na asetoni, inaweza kutengeneza klorofomu. Vyuoni wanatumia jiki na asidi ethanoiki (ile ya siki) kugeuza saikloheksanoli kuwa saikloheksanoni, wakikwepa kromiamu (VI) inayoleta saratani. Lakini saikloheksanoli Busia utaipata wapi? Tuiache.

Kazi yake hasa ni iodaidi: jiki huigeuza kuwa iodini, nawe ukiipima iodini hiyo unajua nguvu ya jiki. Chukua sm³ 10 za jiki, ongeza maji hadi sm³ 100. Toa sm³ 25 kwa pipeti (mpira wa kunyonyea, si mdomo!), tia gramu 1.5 za potasiamu iodaidi, tikisa mpaka iyeyuke, NDIPO utie sm³ 10 za asidi ethanoiki 2 M (moli 2 kwa lita). Mpangilio huo usiugeuze. Iodaidi ikitangulia, klorini haipati nafasi ya kutoroka. Papo hapo flaski inakuwa kama chai ya rangi: hiyo ni iodini. Titreti kwa thayosalfeti 0.1 M, inayoimaliza iodini. Ikibaki njano hafifu, weka wanga. Itageuka bluu nzito, kisha tone la mwisho litaifuta.

Lebo ikisema hipokloraiti asilimia 3.5, hesabu inatoa kama sm³ 23.5 za thayosalfeti. Usishangae ukipata pungufu, maana joto na mwanga huila hipokloraiti, na chupa nyingi zinashinda juani mbele ya duka. Mimi hapo ndipo ninapopapenda: kila kundi lilete chupa ya duka lake, watafute ipi imechoka. Ila wanunue ile ya kawaida, isiyo nzito wala yenye manukato.

Mwalimu_Busia
Nimekupata, fundi. Iodaidi ipo. Thayosalfeti ndiyo imebaki vumbi chini ya chupa.

Mama_Kemia_Kasese
Mwalimu, badala ya thayosalfeti nenda famasi ukachukue vitamini C, tembe za mg 500 zisizo na rangi. Ponda moja, koroga kwenye maji, chuja ule unga usioyeyuka, fikisha sm³ 50. Moli moja ya vitamini C inamaliza moli moja ya iodini, kwa hiyo tegemea kama sm³ 21 za maji hayo kwa jiki ileile ya asilimia 3.5. Itengeneze asubuhi hiyohiyo, hailali.

Fundi_Maabara_Tororo
Mama kasema vizuri. Nyongeza tu, Mwalimu: kama mlikuwa na amonia mkipima kataioni (ioni chanya), suuzeni sinki kwa maji mengi kabla ya kumwaga mabaki ya jiki. Gesi ya hizo mbili ni mbaya. Na madirisha yawe wazi.

Mwalimu_Busia
Vitamini C nimepata. Alhamisi tunaanza na chupa za soko la mpakani.