Hoki ya barafu siyo ndondi! Nimechoka na nyie wa "ubavu kwanza"

Wakuu, leo natoa povu. Wa kuniambia "punguza munkari" apite tu.

Niko Kanada mwaka wa sita, timu yangu Edmonton Oilers, na kila mtoano ukianza nasikia wimbo uleule kazini: vijana wenu laini, nyota wenu McDavid anacheza kama kabeba mayai, huu mchezo unataka wababe. Nikasema ngoja nije huku jukwaani nipumzike. Huku nako nakuta mtu kaandika kabisa kwamba kwenye hoki kipaji ni mapambo. Jamani!

Mfano wenu siku zote ni Philadelphia Flyers wa miaka ya sabini. Haya. Walibeba Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi ya NHL, 1974 na 1975, na mbabe wao Dave Schultz msimu wa 1974-75 alikusanya dakika 472 za adhabu, karibu saa nane kakaa nje anatazama wenzake. Mchezaji bora wa mtoano miaka yote miwili alikuwa nani? Golikipa, Bernie Parent. Mechi ya kumaliza kazi 1974 iliisha 1-0, ya 1975 ikaisha 2-0. Mtu kazuia kila kisahani (ndiyo "mpira" wa hoki), sifa mnampa aliyekuwa anarusha ngumi. Na 1976 wababe haohao wakakutana na Montreal Canadiens, watu wa mbio na pasi. Wakafungwa mechi nne mfululizo. Schultz alikuwepo.

Mtaniambia Gretzky, gwiji wetu wa zamani pale Edmonton, alikuwa na Semenko wa kumlinda, na alipouzwa Los Angeles 1988 akaenda na mbabe mwingine, McSorley. Kweli. Lakini mlinzi anawekwa penye mali. Nani aliwahi kumwekea mlinzi mlinzi?

Sikatai kumbo. Kumbo halali, bega kwa bega, mtu akabanwa ukutani, mimi hushangilia hadi jirani analalamika. Kinachonichefua ni marefa. Msimu wa kawaida ukimpiga mwenzako fimbo ya mikono, filimbi. Mtoano ukifika, kosa lilelile, refa anakagua taa za darini. Mwenye kasi anashikwa, anasukumwa fimbo mgongoni, anakwatuliwa, halafu mnasema hana ubavu! Nyie mkifungwa kamba miguuni mtakimbia?

Na Florida Panthers walioninyima usingizi kwa kutufunga fainali za 2024 na 2025, msiwasingizie kwamba ni ubavu tu. Siwapendi hata kidogo, ila mchezaji wao Barkov anakuchomolea kisahani kama kibaka wa Kariakoo, unashtuka kishaondoka. Na huyo Sam Bennett wao mnayemsifia kwa kugonga watu alifunga mabao 15 kwenye mtoano wa 2025. Mtoeni hayo mabao muone kinachobaki: mkorofi mmoja kati ya wakorofi wengi.

Halafu hao mabaunsa wenyewe mnawapenda wakiwa wanatoka damu tu. Derek Boogaard alicheza NHL mechi 277, akafunga mabao matatu. Matatu! Kazi yake ilikuwa kupigana. Alifariki 2011 akiwa na miaka 28, na ubongo wake ulipochunguzwa ukakutwa na ule ugonjwa unaoletwa na kupigwa kichwani mara kwa mara. Nendeni mkaangalie nani bado anamtaja.

Februari 2025 pale Montreal, kwenye mashindano ya Mataifa Manne, Marekani na Kanada walipigana mara tatu ndani ya sekunde tisa za kwanza. Simu yangu ilijaa. Binamu yangu Tanga, ambaye hajui hata timu ina wachezaji wangapi, alinitumia ile video akiwa na furaha kama kaoa. Na ndiyo, siku ile Marekani walishinda 3-1, msinikumbushe. Siku tano baadaye Boston, fainali, timu zilezile, 2-2, muda wa nyongeza, hakuna aliyekunja ngumi, McDavid akaachwa peke yake mbele ya goli. Mara moja tu. Ikaisha 3-2, Kanada bingwa.

Ya ngumi nimetumiwa na watu kumi na moja, nimehesabu. Ya bao, hakuna hata mmoja.