Mjusi wa buluu Kimboza: ni spishi mpya?

Wakuu, nimepiga picha mjusi kafiri mdogo juu ya mti wa mkadi, msitu wa Kimboza, Morogoro. Buluu tupu, tumbo la rangi ya machungwa. Nitajuaje kama ni spishi mpya?

*Jibu:* Huyo ni dume la Lygodactylus williamsi. Mtaalamu wa reptilia, Arthur Loveridge, alishamwelezea kisayansi mwaka 1952. Majike ni ya kijani au kahawia. Usimkamate tafadhali, yuko hatarini kutoweka.

*Jibu:* Rangi pekee haitoshi, ndugu. Wataalamu huhesabu magamba, hukagua vitundu vilivyo mbele ya mkundu, hupima DNA na kulinganisha na sampuli za makumbusho. Ndipo maelezo huchapishwa, na sampuli moja huhifadhiwa kama kielelezo cha jina.

*Muulizaji:* Nashukuru sana. Wanaowawinda mijusi hawa hukata mikadi yenyewe, inaniuma mno!