Tupeane uzoefu: siku ulipoizungumzia neema na mtu asiyeafikiana nawe

Ndugu zangu, nimeanzisha mada hii kwa sababu ya swali nililoulizwa na shemeji yangu huko Tanga, swali lililoninyima usingizi na ambalo naamini wengi wenu mmekutana nalo kwa sura nyingine. Naomba tusigeuze mahali hapa kuwa uwanja wa mhadhara. Kila mmoja aeleze siku aliyoizungumzia neema ya Mungu na mtu asiyeamini kama yeye, nini kilisemwa, na mazungumzo yalikwama wapi.

Nianze mwenyewe. Mimi ni Mlutheri, na dada yangu ameolewa na Mwislamu ambaye namheshimu sana. Jumapili moja baada ya chakula cha mchana tulikaa barazani, yeye na dele lake la kahawa, mimi na sahani ya kashata mapajani, nikamwambia kwamba sisi Wakristo tunaokolewa kwa neema wala si kwa matendo. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Shemeji, neema tunaijua. Vuli ya mwaka huu ilikuwa neema, mahindi yamejaa ghalani. Lakini mvua inamwokoaje mtu na moto?"

Nilidhani ananikejeli, nikanuna, na nilichelewa kutambua kwamba aliuliza kwa nia njema kabisa. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na masikioni mwa watu wa pwani maana yake ya kwanza ni riziki na ustawi, kinyume cha njaa. Watafsiri wa Biblia walilichagua ili libebe neno la Kigiriki charis, yaani fadhili anazopewa mtu asiyezistahili, na sisi tuliokulia kanisani tumelizoea hivyo hata tukasahau kwamba jirani analisikia vingine. Mimi nilizungumza habari za msamaha, mwenzangu akasikia habari za mavuno. Kile ninachokiita neema, yeye hukiita rehema, na juu ya rehema alikuwa na mengi ya kunifundisha: alinisomea kwa moyo hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, vitabu viwili vya masimulizi ya maneno ya Mtume, ambamo Mtume Muhammad anawaambia maswahaba kwamba hakuna atakayeingia peponi kwa amali zake, hata yeye mwenyewe, isipokuwa Mwenyezi Mungu amfunike kwa rehema Yake.

Kama tungeishia hapo tungeagana tukidhani kwamba tunaamini jambo moja. Lakini aliimimina kahawa, akaishika finjani bila kunywa, akaniuliza: "Mtu amekula mali ya yatima miaka kumi. Leo ameokoka, anaimba, anasema amesamehewa bure. Yule yatima amepata nini?" Nikamjibu kwa sura ya 6 ya Waraka kwa Warumi, ambapo Paulo anakataa katakata kwamba tudumu katika dhambi ili neema izidi. Akasema, "Hayo ni ya kesho, shemeji. Mimi nauliza ya jana." Sikuwa na jibu. Nanyi ilikuwaje?

Mchangiaji wa Bukoba

Mimi ni mwalimu, na kwa miaka kumi na mmoja nimekaa ofisi moja na mwalimu mwenzangu ambaye ni katekista wa Kikatoliki. Mabishano yetu yalifuata njia ileile kila mara, kama ng'ombe warudio zizini: yeye alifungua Yakobo sura ya 2, kwamba mtu hahesabiwi haki, yaani hakubaliwi na Mungu kuwa mwadilifu, kwa imani peke yake; mimi nikafungua Waefeso sura ya 2, kwamba tumeokolewa kwa neema, mtu yeyote asije akajisifu; kengele ikalia, tukaenda darasani tumekasirikiana.

Kilichotutoa huko ni Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, lililotiwa sahihi mjini Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999 kati ya Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, fungamano lile ambalo kuanzia mwaka 1977 hadi 1984 rais wake alikuwa Askofu Josiah Kibira wa huku kwetu. Tulilisoma kwa zamu, aya moja moja, wakati wanafunzi wakifanya mitihani. Linakiri kwamba Mungu hutupokea kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu, na kwamba Roho Mtakatifu hutufanya upya na kutuita tutende mema. Mwenzangu alilirudia mara mbili kwa sauti, kisha akaniuliza mimi huwa namaanisha nini nisemapo "imani". Katika miaka yote ile hatukuwahi kuulizana hilo! Kwake, imani ilikuwa kukubali kwa akili kwamba mafundisho ni ya kweli. Kwangu, ni kujikabidhi kwa Kristo mzimamzima. Imani ile ya kwanza ndiyo Yakobo asemayo kwamba hata mashetani wanayo. Hatujamaliza, kwa maana toharani, mahali wanapoamini Wakatoliki kwamba roho hutakaswa baada ya kifo, na stahili za watakatifu bado zinatutenganisha, ila sasa nikimsikia akitaja matendo, najua hataji bei.

Kuhusu yatima wa shemeji yako, nina jambo la nyumbani. Bibi yangu alikuwa mlokole wa ule Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika hadi huku Buhaya. Watu wale walijulikana kwa kuungama hadharani na kurudisha walivyoiba. Bibi alirudisha jembe kwa jirani aliyekuwa amekwisha kulisahau, na alilitia mpini mpya kabla ya kulipeleka. Mpini ule hakuagizwa na mchungaji wala na mtu yeyote.

Mchangiaji wa Same

Nami nichangie kama Msabato, kwa kuwa sisi ndio tunaotajwa kila inapozungumzwa sheria na neema. Nina duka la vipuri, na kila Ijumaa nalifunga kabla jua halijazama, maana hapo ndipo Sabato yetu huanza. Rafiki yangu mlokole alikuwa akipita saa ile ile na kuniambia kwamba nimejifunga nira ya utumwa, nami nilimjibu kwa Warumi 3:31, kwamba imani haiibatilishi sheria bali huithibitisha. Tulirushiana mistari hivyo kwa muda mrefu.

Ijumaa moja hakutaja mstari wowote. Alinisaidia kushusha mlango wa chuma, kisha akaniuliza taratibu, "Siku moja ukichelewa kufunga, utalala ukijua kwamba Mungu bado anakupenda?" Kanisa langu linafundisha wazi kwamba wokovu ni kwa neema, na kwamba utii ni tunda lake, nami nililijua jibu sahihi. Lakini niliona ni haramu kumdanganya mtu aliyeniuliza kwa upole namna ile, nikamwambia kwamba ningelala kwa hofu. Bado nafunga duka kwa wakati, na nitaendelea kufunga. Ile hofu ndiyo ninayoiombea.

Mchangiaji wa Marangu

Aliyenishinda mimi ni babu mmoja wa ukoo wetu, ambaye hakuwahi kubatizwa. Wageni hawajui pengine kwamba kwetu Wachaga, mtu aliyekosa hupeleka jani la isale kwa aliyemkosea, na jani hilo likiisha kuletwa ni vigumu mno kulikataa. Nilifikiri nimepata mfano mwema wa kumwelezea Injili, nikamwambia kwamba neema ya Mungu ni kama isale.

Babu akatikisa kichwa. Akasema, "Isale hushikwa na aliyekosa. Wewe unaniambia kwamba aliyekosewa ndiye aliyekuja na jani mkononi. Huyo Mungu wenu hana heshima?" Nikamsimulia habari ya mwana mpotevu katika Luka 15, jinsi baba alivyomwona mwanawe angali mbali, akamkimbilia. Akanikatiza hapo hapo: "Mzee hakimbii." Nilijaribu kuendelea, lakini yeye alikuwa ameshikwa na neno hilo moja, akalirudia kwa Kichaga kana kwamba anajisemea mwenyewe. Tangu siku ile sijawahi kuisoma sura ile upesi, kwa sababu mtu asiyeiamini alinionyesha aibu aliyojitwika yule baba.

Mchangiaji wa Mombasa

Mimi ni Mwislamu na nimesoma kwa makini. Nawaomba Wakristo jambo moja: msituambie kwamba dini yetu haina rehema. Katika sura 114 za Qurani, 113 zinaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Tofauti yetu iko mahali pengine, na ni heri tuiseme bila kuificha. Sisi tunaamini kwamba mja akitubu kwa kweli, Mola humsamehe bila ya kuhitaji mtu mwingine afe kwa ajili yake, na kwamba hakuna abebaye mzigo wa mwenziwe. Ama haki za watu, hizo hazifutwi kwa toba peke yake mpaka mwenyewe arudishiwe au asamehe. Nadhani hilo ndilo alilokuuliza shemeji yako.

Mwanzishaji wa mada

Dada wa Mombasa, ahsante, ni hilo hasa. Juzi nilirudi Tanga, nikamsomea shemeji habari za Zakayo, yule mtoza ushuru, katika Luka 19: Yesu aliingia nyumbani kwake kabla hajarudisha hata senti, na ni baada ya kupokelewa ndipo alipoahidi kuwarudishia mara nne wote aliowadhulumu. Alisikiliza kwa adabu. Kisha nikamsimulia habari za jembe la bibi wa Bukoba, naye akaniuliza ule mpini ulikuwa wa mti gani. Nilikiri kwamba sijui. Akanijazia finjani, akasema, "Jembe nimelielewa, shemeji. Msalaba bado tutauzungumza."